Rangi mpya haitoshi kukuhakikishia uimara wa nyumba

Ndugu yangu, umeuliza kama kuta zilizopakwa rangi upya na vigae vinavyong'aa ni ushahidi wa kutosha kwamba nyumba unayotaka kuinunua ni imara. Hapana, na rangi iliyopakwa majuzi kwenye ukuta mmoja tu ingenifanya niuchunguze ukuta huo zaidi, kwa kuwa huenda inaficha unyevu. Rudi kuitazama nyumba baada ya mvua kubwa, uangalie kama dari ina madoa, kama makabati ya ukutani yananuka ukungu, na kama maji yanatuama karibu na msingi. Nyufa nyembamba kama unywele kwenye plasta ni za kawaida. Lakini ufa unaopanda kama ngazi katika maungio ya matofali, au unaozidi upana wa milimita 5, hasa mahali ambapo milango nayo inakwama, huweza kuashiria kwamba msingi unatitia, na hapo nakusihi umlipe mhandisi uliyemtafuta mwenyewe, si aliyeletwa na muuzaji, aikague kabla hujatoa hata malipo ya awali. Nyaya za umeme na mabomba mwachie fundi. Hati ya umiliki ihakiki katika masjala ya ardhi, wala usiridhike na nakala uliyoonyeshwa.