Jakuzi inatoa vipande vyeusi kwenye jeti: kwa sisi wa Mwanza tatizo mara nyingi sio chokaa, ni utando

Dada mleta uzi pole. Nimesoma ulivyoeleza, umehamia nyumba Isamilo ina jakuzi, ukiwasha jeti (yale matundu yanayorusha maji) vinatoka vipande vyeusi kama majani ya chai yaliyolowa na harufu ya tope, mtoto anaogea humo, fundi kakwambia mmwage asidi ile ya kusafishia tiles, na kuna mkuu hapo juu kasema weka siki tu inatosha. Mi nasimamia nyumba ya wageni huku Capri Point, vyumba kadhaa vina haya mabafu, hii kazi naifanya kwa mikono yangu, kwa hiyo nitaandika kirefu kidogo mnivumilie.

Kwanza hiyo asidi usikubali kabisa. Ile inakula mipira ya pampu, inabandua nikeli ya kwenye jeti na kuharibu uso wa bafu lenyewe, na kibaya zaidi kama kwenye mabomba kuna Jik iliyobaki humo ndani, asidi ikikutana nayo inatoka gesi ya klorini ambayo ni sumu, na bafu zetu nyingi dirisha lenyewe kadogo. Siki nayo ni asidi, nyepesi lakini ni asidi, kwa hiyo Jik na siki havikutani hata siku moja, wala Jik na dawa yoyote ya choo au yenye amonia. Hili naomba kila anayesoma hapa alishike.

Sasa siki. Siki kazi yake ni kuyeyusha chokaa, na ushauri mwingi unaozunguka mtandaoni umeandikwa na watu wenye maji magumu. Sisi maji ya bomba yanatoka ziwani, mengi yanavutwa hapa hapa Capri Point, na maji ya Ziwa Victoria ni laini, hayana chokaa ya kutisha. Angalia birika lako la kuchemshia maji, kama ndani hakuna magamba meupe ujue na kwenye jeti hayapo. Wanaotumia visima virefu hiyo ni habari nyingine, na ndugu zetu wa Dodoma ndio wanaijua vizuri zaidi, hao siki itawasaidia. Ila wewe vipande ni vyeusi na vinateleza ukivibonyeza, huo ni utando wa bakteria ulioshikana na mafuta ya mwili, sabuni na ngozi iliyokufa. Siki inaupitia juu juu tu.

Unatoka wapi? Pampu inavuta maji kupitia lile tundu kubwa la pembeni chini, inayasukuma kwenye mabomba yanayozunguka bafu mpaka kwenye jeti. Ukizima na kufungua kizibo, maji ya bafuni yanaondoka lakini ya kwenye kona za mabomba yanabaki, vuguvugu, gizani, yana chakula chote. Nyumba ikikaa bila mpangaji miezi kadhaa utando unajijenga kwa raha zake. Na sio uchafu wa macho tu, kuna bakteria wanaitwa Pseudomonas wanaleta vipele vyenye usaha kwenye ngozi, na Legionella ambao ukivuta ule mvuke wa matone wanaleta nimonia. Mtoto asiogee humo mpaka umalize.

Zima swichi kubwa ya umeme kwanza. Kisha fungua nyuso za jeti, nyingi zinazunguka kinyume na saa kwa mkono zinatoka, zikigoma usitumie pulaiz bila kitambaa. Loweka kwenye maji ya moto na sabuni ya vyombo, sugua kwa mswaki wa zamani, ingiza mswaki na ndani ya tundu lenyewe. Kile kifuniko cha tundu la kunyonya kisafishe hivyo hivyo, kunakuwa na nywele nyingi sana hapo, lakini KIRUDISHE na kikaze kabla ya kuwasha umeme, pampu inanyonya kwa nguvu na nywele za mtoto zikiingia humo ni hatari ya kuzama.

Halafu jaza maji ya moto mpaka yapite jeti za juu kabisa kama vidole vitatu au vinne. Hita yako haitoshi najua, za kwetu nyingi ndogo, chemsha na masufuria kwenye gesi uongezee. Usiwashe pampu bila maji au maji yakiwa chini ya jeti, sili ya pampu (mpira unaozuia maji kuvuja) inaungua. Weka vijiko viwili vya chakula vya sabuni ya unga ya mashine ya kuoshea vyombo, ile haitoi povu, supermarket kubwa huwa wanayo. Sabuni ya kufulia usiweke, povu litapanda mpaka mlangoni. Funga kitasa cha hewa kile cha juu ukingoni ili maji yenyewe yazunguke kwenye mabomba, washa robo saa, zima uache yakae kidogo, washa tena. Hapo utaona yanayotoka, usishtuke. Mwaga.

Raundi ya pili maji ya kawaida sio ya moto, nusu kikombe cha Jik, dirisha wazi, dakika kumi hivi. Nawaona wengi wanaweka Jik mwanzo, haina maana, Jik ikikuta mafuta na uchafu nguvu yake inaishia huko, na maji ya moto yanaidhoofisha na kukupandishia harufu. Sabuni inatoa mafuta, Jik inaua kilichobaki, kwa mpangilio huo. Raundi ya mwisho maji matupu, hapa ndio nafungua na kitasa cha hewa ili na vijia vya hewa vioshwe. Kama bado vipande vinatoka rudia raundi ya sabuni, nyumba iliyokaa sana huwa haiishi kwa mkupuo mmoja. Kama kitabu cha mtengenezaji kipo na kinasema tofauti, fuata kitabu. Na kama bafu lako ni la vitundu vidogo vidogo vingi vya hewa tupu bila pampu ya maji, haya maelezo sio yake.

Maji ni mengi, bafu moja linakula lita mia mbili na zaidi, mara tatu hiyo, kwa hiyo fanya siku ambayo mgao umewafikia na tanki limejaa. Tena tanki lenyewe lichungulie chini, kama kuna tope unalisukuma lote kwenye jakuzi. Wale wa kando ya ziwa mnaovuta moja kwa moja na pampu, mwani unaingia humo wote, na kuna kichocho pia, maji yalale kwenye tanki siku mbili ndio muogee.

Kitu kingine mafundi wetu wanachoharibu: wanaweka bafu bila pima maji (kile kifaa cha kuonyesha kama kitu kimekaa sawa), likilala upande usio wa kizibo maji hayatoki kabisa, na wanajengea tiles kuzunguka lote bila mlango wa kufikia pampu. Weka pima maji ukingoni uone. Kama limelala, au hakuna mlango, mwambie mwenye nyumba, hiyo ni gharama yake sio yako.

Ukishasafisha, mafuta ya kuogea na sabuni za povu weka mbali na jakuzi, na hata kama hamuogei washa maji safi mara moja kwa mwezi. Raundi ya kwanza ukimaliza rudi hapa utuambie rangi ya kilichotoka, kama ni kahawia kama kutu badala ya nyeusi hapo tutaangalia bomba la kutoka kwenye tanki.