Barua kwa mwanangu: babako, ndege na duka la Langoni

Mwanangu,

Assalamu alaykum. Barua yako imefika, na picha za mjukuu wangu nimeziona. Unasema kamaliza kidato cha nne na sasa neno lake ni moja tu, Jeshi la Anga. Mumeo hataki hata kulisikia, nawe umebaki katikati. Kisha ukaniuliza: "Mama, Baba alijuta kuacha urubani?"

Majuto ya mtu huyajua yeye na Mola wake. Mimi nitakwambia nilichokiona, na nilichokiona ni kwamba marehemu babako, alipotoka kwenye urubani wa jeshi akawa mfamasia mwenye duka la dawa mtaani Langoni, hapa Lamu, hakuacha kazi moja akashika nyingine. Kazi ilikuwa ile ile. Niliwaambia watu hivyo matangani, na nitawaambia mpaka nami nizikwe.

Fikiria mwenyewe. Alipokuwa akirusha Caribou, ndege ya mizigo ya jeshi, kutoka Eastleigh, Nairobi, kwenda Wajir na Mandera, nyuma mlikuwa na askari, magunia, mapipa, pengine mgonjwa juu ya machela. Wale waliokaa nyuma hawaoni chochote. Hawajui kama aliye mbele amekagua mafuta au ameupima upepo. Wamefunga mikanda, roho zao wamemwachia yeye. Na mama aliyetoka Kizingitini kwa boti, mtoto anawaka homa, akipewa chupa ya dawa anaona nini? Maji yenye rangi na kibandiko asichoweza kukisoma. Naye amemwachia mtu roho ya mwanawe. Sasa niambie tofauti iko wapi.

Sababu ya kuvua sare unaijua. Mambo ya kakako tuyaache yalipo.

Kuna siku alinieleza habari za uzito, tumekaa darini, nami nikaelewa mengi. Kule kaskazini, saa saba mchana, joto limepanda na hewa imekuwa nyepesi, mabawa hayabebi kama yalivyobeba alfajiri. Uwanja ule ule ulioondokea asubuhi na mzigo kamili, mchana huna budi kuteremsha magunia au kungoja jua lipungue. Kwa hiyo walipima kila kitu, hata watu. Basi alipofungua duka Langoni, kilichoingia kwanza, kabla ya rafu, kabla ya dawa zenyewe, ni mizani. Mtoto hakupewa klorokwini, dawa ya malaria ya wakati ule, mpaka apimwe, kwa sababu dozi yake ilihesabiwa kwa kilo: miligramu 25 kwa kila kilo moja, zigawanywe siku 3. Kina mama wakilalamika, "Kwani sisi twauza samaki?" Hakuwajibu. Alimchukua mtoto kwa mikono yake akamweka juu ya mizani, akamwimbia mpaka anyamaze.

Na kulikuwa na jambo la kusoma. Ndani ya ndege walikuwa wawili. Mmoja akisoma orodha kwa sauti, mwenzake akigusa na kujibu, kimoja baada ya kimoja, hata kama wameruka mara elfu. Dukani alikuwa peke yake, na hilo lilimtia wasiwasi kuliko viwanja vifupi vya Moyale. Ndipo akaniita mimi, niliyeishia darasa la saba. Chupa haivuki meza mpaka nisome kibandiko kwa sauti: jina la mgonjwa, dawa, kiasi gani, mara ngapi, siku ngapi. Yeye ameshika karatasi ya daktari, ananijibu.

Siku moja nikasoma "kijiko kimoja cha chakula mara tatu" nikasita, maana aliyesimama mbele yangu alikuwa amebeba mtoto mchanga. Nikasoma tena. Babako akatazama karatasi, na ndivyo ilivyoandikwa huko ilikotoka. Kijiko cha chai ni mililita 5. Cha chakula ni 15. Mtoto yule angemezeshwa mara tatu ya haki yake, kila siku, na mamake akiamini anamtibu. Babako akafunga duka katikati ya asubuhi, akaenda kwa miguu kumtafuta aliyeandika, akarudi na karatasi iliyosahihishwa. Hakunisifu. Alisema, "Endelea kusoma." Mwanangu, nilifurahi siku ile kuliko siku ya harusi yangu, na mpaka sasa nikiikumbuka nafurahi.

Ingawa ngoja. Nikisema kazi ilikuwa ile ile, huenda nairahisisha mno. Ndege ikitua, magurudumu yakasimama, safari imekwisha na rubani analala. Dawa unaitoa leo, na hujui imefanya nini mpaka siku ya tatu, ya nne, pengine hujui kabisa kwa sababu mtu amerudi Faza na boti ya jioni. Hilo babako halikumpa usingizi. Miaka ile ya tisini watoto walikuwa wakimaliza klorokwini yote, kwa kipimo sawasawa, na homa inarudi. Hakukosea yeye, hawakukosea wazazi. Vimelea vya malaria vilikuwa vimeizoea dawa. Mwaka 1998 serikali ikaiacha klorokwini ikaweka ile tuliyoiita SP, nayo haikudumu. Ilipofika 2006 ikaja dawa ya mseto, dawa mbili za malaria ndani ya kidonge kimoja. Ile ilimfurahisha kwa sababu ina masharti, na babako alipenda masharti. Dozi ya pili imezwe masaa 8 baada ya ya kwanza, si "jioni jioni". Imezwe pamoja na maziwa au chakula chenye mafuta, maana pasipo mafuta mwili hauichukui vizuri. Watu wa hapa akawafungia saa kwenye swala: ukimeza ya kwanza baada ya Alfajiri, ya pili umeze baada ya Adhuhuri. Hakuna aliyesahau.

Kwa hiyo labda kazi haikuwa ile ile. Labda hii ya pili ilikuwa nzito zaidi. La, narudi nilipokuwa: ilikuwa ile ile, ila hii haikuwa na mahali pa kutua.

Lakini kama unatafuta kilichomuuma, usikitafute kwenye ndege. Kitafute Agosti 1982. Wewe ulikuwa unatambaa. Sare alikuwa ameshaivua kitambo, yuko Chuo Kikuu cha Nairobi anasomea ufamasia pamoja na vijana waliomwita mzee, na Jumapili ile ya tarehe 1 alikuwa hapa nyumbani. Asubuhi redio ikatangaza serikali imepinduliwa. Mchana ikatangaza haikupinduliwa. Kisha ikajulikana waliojaribu ni askari wa Jeshi la Anga. Jeshi lenyewe likavunjwa, likapewa jina jingine, na jina lake halikurudishwa mpaka 1994. Chuo nacho kikafungwa zaidi ya mwaka. Babako akawa na makosa mawili bila kutenda hata moja: aliwahi kuwa rubani wa jeshi lile, na ni mwanafunzi wa chuo kile.

Hapana aliyemtukana. Lingekuwa tusi ningelijibu. Baraza yetu ya nje, iliyokuwa haikosi watu baada ya Isha, ikawa tupu. Waliokuwa wakimletea barua za serikali awasomee wakapata wasomaji wengine. Mwanamke niliyemnyonyeshea mwanawe alipokuwa mgonjwa akanipita njiani akitazama ukuta. Nikamwambia babako asitoke mpaka mambo yapoe. Akasema, "Nikijificha nimekiri." Kila siku baada ya Alasiri akavaa kanzu, akashuka mpaka uwanja wa Mkunguni, akakaa mbele ya ngome. Na ngome wakati huo haikuwa makumbusho. Ilikuwa jela, na ilibaki jela mpaka 1984. Alikaa pale mbele ya mlango wa jela, uso wake waonekana, na wacheza bao wakasogea upande wa pili.

Ulimjua babu yako nahodha. Tangu siku ya posa hakupata kumtaja babako kwa jina. Kwake mtu asiyejua tanga si mtu wa kuozeshwa. Basi babu yako yule, magoti yake mabovu, akatoka mtaa wa Mkomani na bakora yake, akaja akaketi bega kwa bega na babako. Akaagiza kahawa, vikombe viwili. Kisha akasema kwa sauti ambayo Mkunguni nzima iliisikia: "Kusi limeanza kulegea. Wewe uliyekuwa ukiliona kutoka juu, lilikuwaje mwezi huu?" Wakazungumza upepo mpaka Maghrib. Kesho yake akaja tena. Siku ya tatu wacheza bao wakarudi mahali pao.

Waliosogea nawajua wote kwa majina, na sitayaandika. Babako alipofungua duka walikuja kununua dawa, naye akawapimia wana wao kwa mizani ile ile, na vibandiko vyao nikavisoma mimi. Sikutaka. Nilisoma kwa sababu aliniambia nisome.

Sasa mwanao. Nikisema aende, mumeo atasema mama mkwe amemharibia nyumba. Nikisema asiende, kijana atanichukia, na pengine nitakuwa nimemkatisha njia aliyoandikiwa. Sitasema. Si haki yangu kusema, hata kama ulimi unaniwasha. Ila muulize jambo moja kwa ajili yangu: ataweza kuisoma orodha ile ile kila asubuhi kama vile hajapata kuiona, hata siku ambayo hapana mtu anayemtazama? Akikujibu haraka, mwache akae kwanza. Akinyamaza akafikiri, basi mumeo na... la, nimesema sitasema.

Mlete Disemba kabla hajaenda kuandikishwa, nizungumze naye mwenyewe. Mkija kwa basi nipigieni simu mkiwa Malindi, nimtume mtu wa boti awangoje Mokowe. Na mumeo aje pia.

Wasalaam,
Mamako