Spilita ya sauti nyumbani: gawa kabla ya amplifaya, si baada yake

Mama mkubwa alivua hedifoni akaniuliza, "Mwanangu, mbona mwimbaji kanyamaza, ngoma na kinanda ndivyo vinavyolia?"

Ilikuwa usiku, sebuleni kwetu Ngamiani, Tanga. Masikio yake yamepungua nguvu, kwa hiyo nilimnunulia spilita ndogo, kile kifaa chenye pini moja na matundu mawili kinachogawa sauti moja kwa vyombo viwili, ili yeye asikilize kwa hedifoni na sisi wengine tusikie kwenye sabufa, bila kulazimika kufungulia sauti mpaka majirani waamke. Nikazivaa mwenyewe. Kweli, taarabu inapigwa, fidla zipo, mwangwi upo kama unatoka kisimani, lakini mwimbaji hayupo. Nikaisukuma pini ya hedifoni mpaka ikalia "tak", na mwimbaji akarudi papo hapo.

Ichomoe pini ya hedifoni uitazame karibu. Utaona mistari miwili myeusi inayoigawa sehemu tatu. Ncha hubeba sauti ya kushoto, pete ya katikati hubeba ya kulia, na shina ndiyo njia ya kurudia ya zote mbili. Shina lisipogusa vizuri, umeme wa kushoto hulazimika kurudi kupitia kulia, na kila kitu kilicho sawasawa pande zote mbili hujifuta chenyewe. Mwimbaji kwa kawaida huwekwa katikati kabisa ya rekodi, ndiyo maana ndiye wa kwanza kupotea. Ukiwa na rekodi ya zamani isiyotenganisha kushoto na kulia, karibu yote itazimika, nawe utadhani spika zimekufa. Kwa hiyo ukisikia vyombo bila mwimbaji, usikimbilie kwa fundi. Angalia pini kwanza.

Sisi wa pwani tuna jambo la ziada. Hewa yetu ina chumvi. Pini iliyokaa miezi bila kuchomolewa hushika ukungu wa kijani shinani, na matundu ya spilita za bei nafuu hushika kutu ndani. Mimi huzima vyombo vyote, nikachovya kijiti chenye pamba kwenye spiriti kidogo, nikafuta pini na mdomo wa tundu, kisha nikaacha pakauke kabla ya kuwasha. Spilita ambayo sauti yake inakatika kila ukiitikisa haina dawa. Nunua nyingine.

Sasa nije kwenye kosa lililonigharimu, maana ndilo hasa lililonifanya niandike.

Dada yangu alifanya akika ya mwanawe, na maulidi yakasomwa hapa nyumbani. Wanaume barazani, wanawake uani. Nilikuwa na amplifaya moja na spika mbili za omu 8 (omu ni kipimo cha kizuizi kwa umeme). Nikataka sauti ifike kote, nikaazima spika nne zaidi za aina ile ile, nikazifunga juu ya zile za kwanza, nyaya zote kwenye matundu yale yale ya nyuma ya amplifaya. Tatu kushoto, tatu kulia. Mwanzo ilipendeza. Tulipofika kwenye kiamu, watu wote wamesimama, sauti ikakatika. Nikanusa harufu ya waya unaoungua kabla sijaona moshi. Maulidi yalimalizika kwa sauti za midomo tu, na wanawake uani hawakusikia dua.

Fundi mmoja mzee aliifungua amplifaya ile kesho yake. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia, akaniuliza nilifunga spika ngapi. Nilipomwambia, akasema, "Mwanangu, wewe hukugawa sauti. Umegawa nguvu."

Akanichorea kwenye karatasi. Spika moja ya omu 8 ni kizuizi fulani kwa umeme. Ukifunga mbili sambamba, yaani zote kwenye matundu yale yale, kizuizi kinashuka hadi omu 4. Tatu, kinashuka hadi kama omu 2.7. Nne, omu 2. Kizuizi kikishuka, umeme unaotoka kwenye amplifaya huongezeka. Nyuma ya amplifaya yangu paliandikwa omu 4 hadi 8, nami nilikuwa nimeivusha chini ya hapo kwa saa nzima, tena kwa sauti ya juu. Maandishi kama yale mara nyingi yapo kwenye yako pia, karibu na matundu ya spika. Yasome leo.

Njia iliyo sahihi ni kugawa sauti ingali changa, kabla haijaingia kwenye amplifaya. Sauti inayotoka kwenye simu, deki, king'amuzi au miksa (chombo cha kuchanganya sauti) ni umeme mdogo sana, na mlango wa amplifaya unaoipokea huwa na kizuizi kikubwa, mara nyingi omu elfu kumi na zaidi. Ukiweka spilita hapo na kupeleka waya mmoja kwenye sabufa ya sebuleni na mwingine kwenye spika ya uani yenye amplifaya yake ndani, chanzo hakihisi mzigo. Kila chombo kinatumia nguvu yake mwenyewe, na kila kimoja unakirekebisha kwa kitufe chake.

Hedifoni ni habari nyingine kidogo, kwa sababu hazina nguvu zake. Mbili za omu 32 kwenye spilita moja zinakuwa omu 16 machoni pa simu, na mara nyingi utasikia sauti imepungua. Zikiwa za aina tofauti, mmoja atalalamika kelele na mwingine ataomba uongeze. Kama nyumbani kuna mgonjwa wa masikio, tafuta spilita yenye vitufe viwili vya sauti, au kiamplifaya kidogo cha hedifoni. Mama mkubwa nimemwekea hicho kidogo, na sasa anaongeza mwenyewe bila kuniita.

Dukani ziangalie kwa macho. Kuna spilita ya hedifoni mbili, na kuna inayotenganisha hedifoni na maiki. Zinafanana kama mapacha. Ya pili pini yake ina mistari mitatu myeusi badala ya miwili, na mara nyingi kwenye tundu moja pamechorwa maiki. Tena usiichanganye spilita na waya wenye pini moja upande mmoja na vichwa viwili vya RCA, vile vya kuchomeka nyuma ya deki au amplifaya, chekundu na cheupe, upande wa pili. Ule haugawi kwa vyombo viwili. Unatenganisha kulia na kushoto kwa chombo kimoja.

Na tafadhali usiigeuze spilita kinyumenyume. Watu wengi huunga king'amuzi na simu kwenye matundu mawili, halafu ile pini moja wanaichomeka kwenye sabufa, wakitegemea vyote viwili visikike. Hapo vyanzo viwili vinasukumana. Sauti hufifia na kukwaruza, na kimojawapo kinaweza kuharibika. Kuchanganya ni kazi ya miksa. Kama unataka kuchagua tu, ipo swichi ya kuchagulia.

Ukishagawa ukasikia mvumo mzito usiokoma, jua ni umeme wa ukutani, ambao hapa kwetu ni hezi 50 (mizunguko 50 kwa sekunde), umepata njia ya kuzunguka kati ya vyombo viwili. Chomoa chaja ya simu usikilize. Chomoa waya wa antena usikilize. Mara nyingi mmoja wapo ndiye. Usivunje ile pini ndefu ya ardhi kwenye plagi eti mvumo uishe. Ile inalinda uhai wa watoto wako. Kipo kifaa kidogo cha kukata mvumo, kinawekwa katikati ya waya wa sauti.

Bluetooth siishauri kwa spika mbili za eneo moja iwapo moja ina waya na nyingine haina. Ya Bluetooth huchelewa kidogo, na msomaji anasikika kama wawili wanaofukuzana. Televisheni mpya zisizo na tundu la milimita 3.5 huhitaji kigeuzi cha mwanga, kinachopokea sauti inayotoka kwenye televisheni kwa mwanga na kuirudisha kuwa umeme, na kwenye mipangilio ya sauti uchague PCM, yaani sauti ya kidijitali isiyobanwa, la sivyo kitakaa kimya.

Maulidi ya mwaka huu nilifunga hivi: maiki kwenye miksa, kutoka miksa spilita mbili, moja ya kushoto na moja ya kulia, kutoka hapo amplifaya moja barazani na nyingine uani, kila moja na spika zake mbili tu. Waya wa kwenda uani niliupitisha juu ya mlango ili watoto wasiukanyage. Wakati wa kiamu nilikwenda mwenyewe nyuma kusikiliza. Mama mkubwa alikuwa amesimama karibu na spika, ameshika ukuta, anaitikia.