Kazi gani ya mikono ukajifunze na shoga yako Unguja

Ukimwambia mtu "twende tukajifunze kazi ya mikono", swali lake la kwanza ni tutatoka na nini. Mkoba? Kofia? Kipande cha sabuni? Mimi na shoga yangu tumeyazunguka mafunzo ya wanaoanza, mjini na mashamba, na sasa mtu akiniuliza wapi aanze, namrudishia swali jengine: mnataka kazi yenye maneno au isiyo na maneno?

Maana ziko kazi ambazo mkono unakwenda na mdomo unakwenda, na ziko ambazo ukifungua mdomo tu umeshapoteza hesabu. Ukienda peke yako haikuhusu sana. Mkienda wawili, hasa wawili ambao hamjaonana tangu arusi ya nani sijui, hapo ndipo panapoamua kama mtarudi tena au mtaishia kuonyeshana picha kwenye simu.

Mimi nasema anzeni na ukili, ule mkanda wa majani ya mkindu unaosukwa kwa mkono kisha ukashonwa mikeka. Najua wengi wetu tunauona ni kazi ya bibi zetu, tumekua tukiikalia mikeka yake na kuswalia misala yake bila kuuliza imefanywaje. Ndiyo sababu hiyo hiyo inayonifanya niuweke mbele. Vifaa ni vichache: majani ya mkindu yaliyokaushwa juani mpaka yakawa meupe, na ya rangi yaliyotokoswa na rangi ya unga kwenye sufuria kuukuu isiyopikiwa tena. Hayo huchanwa chane nyembamba, na mwenye mkono mzuri huzitoa zote sawa kana kwamba zimepimwa kwa rula. Hakuna mashine, hakuna umeme, hakuna cha kukuunguza. Likiharibika unafumua, unaanza upya, na hakuna aliyepata hasara.

Jambo ambalo picha za mtandaoni hazionyeshi ni maji. Chane ikiwa kavu hukatika ukiikunja. Ikirowa sana, utasuka vizuri na kufurahi, kisha ikikauka husinyaa na ukili wote unalegea, unaona mwanga kati ya chane. Bibi aliyetufundisha, upande wa kusini, alikuwa na kitambaa kibichi kilichokamuliwa sawasawa, amezifunga chane zake humo kama mtoto aliyetoka kuogeshwa, anachomoa moja moja. Tukitaka kuzichovya kwenye bakuli alitukataza. "Mwanangu, ukindu haunywi, ukindu unapanguswa." Hilo peke yake lilistahili nauli.

Halafu angalieni mnavyokaa. Marafiki hupenda kukaa wakiangaliana, na kwa mazungumzo ni sawa, lakini kwa kujifunza ukili ni matatizo, kwa sababu unayemtazama mbele yako unamuona kinyume. Kulia kwake ni kushoto kwako. Kaeni ubavu kwa ubavu na mwalimu, nyote mkielekea upande mmoja. Ila shoga yangu anatumia mkono wa kushoto, na kila alipokaa kando ya bibi chane zilimkataa. Bibi akamtazama kidogo, akamwambia, "Hebu njoo huku mbele yangu." Alipokaa mbele ikawa kama anajitazama kwenye kioo, na mambo yakaenda. Kwa hiyo ikiwa mmoja wenu ni wa mkono wa kushoto, semeni mapema. Wengine huona haya kulisema, kwa vile tumelelewa kuuficha mkono huo, lakini ukindu haujali.

Kuhusu maneno: kwa muda wa mwanzo hamtazungumza. Mtahesabu juu, chini, juu, pindisha ukingoni. Lakini mkono unazoea haraka kuliko mnavyodhani, na ukishazoea, mazungumzo yanarudi yenyewe. Bibi wetu hakuwa akiitazama mikono yake hata kidogo. Alitueleza habari za kijiji kizima, nani kajenga, nani kaachwa, na ukili unazidi kushuka mapajani mwake. Mkubwa akikaa na vijana wawili wanaosuka anasema mambo ambayo ungemwendea kwa maswali asingekwambia.

Msitarajie mkeka. Ukili husukwa mrefu, unapimwa kwa pima, yaani urefu wa mikono miwili iliyonyooshwa, kisha ndipo mikanda yake inaunganishwa kwa shazia, ile sindano kubwa ya kushonea mikeka na makanda. Mkeka mmoja unakula pima nyingi, na siku ya kwanza mtakuwa na kipande kifupi ambacho hapa kimepanuka, pale kimebana. Kama lazima mtoke na kitu, mwombeni mwalimu awaonyeshe namna ya kukizungusha na kukishona kiwe cha kuwekea sufuria. Na nunueni tita moja la ukindu mgawane, msuke nyumbani. Atakayesuka zaidi aende akamcheke mwenziwe.

Hina nayo ni kazi ya wawili, tena zaidi ya ukili, kwa sababu mmoja ni mchoraji na mwengine ndiye karatasi. Anayechorwa hana pa kwenda. Mkono umerowa hina, simu hashiki, atasikiliza tu. Mchoraji wa mwanzo afanye mazoezi kwenye karatasi ya plastiki kwanza, mistari mirefu na nukta, kabla hajagusa ngozi ya mtu. Kubana kikoni, kile kifuko chenye ncha kinachotiwa hina, kwa nguvu moja bila kusita ndiyo kazi yote. Maua yatakuja.

Hapa lazima niseme habari ya piko, ile inayochora nyeusi. Hina halisi ya majani haiwi nyeusi. Ukiibandua ni rangi ya chungwa, na kwa siku moja au mbili inakolea ikawa kahawia iliyoiva. Ile rangi nyeusi inayokolea mara moja mara nyingi ni dawa ya kutia nywele rangi, na ndani yake mna kemikali inayoitwa kwa kifupi PPD. Wako ambao haiwafanyi kitu. Wako ambao inawatoa malengelenge na kuwaachia alama, na aliyekwisha kudhurika nayo anaweza kudhurika tena kila akitia rangi nywele. Kwenye darasa la wanaoanza, mnaofanyia mazoezi mikononi mwa wenzenu, kataeni piko. Mwalimu akisema hina haipendezi, mwambieni mtajifunzia kwenye hiyo isiyopendeza.

Sasa kofia. Kofia za mkono za viua ni kazi ninayoiheshimu kuliko zote, na ndiyo ambayo sikushauri uende na shoga yako kama lengo ni kustarehe. Kitambaa kimekwisha chorwa kwa penseli, na kila kiduara kinatobolewa na kuzungushiwa uzi mpaka kingo zikaze, hapo ndipo kinakuwa kiua. Kimoja. Kisha cha pili, karibu yake, na visigongane. Kofia nzima ina viua vingi mno, na aliyeizoea kazi humchukua wiki nyingi, ya nakshi nzito humchukua miezi. Mafundi wenyewe hushona barazani wakizungumza, ndiyo, lakini wao vidole vyao vimeshazoea. Wewe wa mwanzo ukicheka, uzi umelegea. Sisi tulikaa kimya tangu baada ya adhuhuri mpaka alasiri inaadhiniwa, na shoga yangu, ambaye hajawahi kunyamaza hata sinema, aliinuka akasema amepumzika kuliko siku aliyolala. Kwa hiyo ikiwa nyinyi ni watu mliochoka na maneno, nendeni. Wakati huo huo mtaacha kushangaa kwa nini kofia ya mkono ni ghali mara kadhaa kuliko ya mashine, na mtaona haya kumbishia bei muuzaji.

Sabuni ya mwani ni habari nyengine. Inapendwa sana sasa, na nyumba za wageni zinaitangaza kana kwamba ni kucheza na unga wa keki. Historia yake inavutia: kilimo cha mwani cha biashara kilianza Unguja mwaka 1989, pwani ya mashariki, Paje na Jambiani, na walio wengi ndani yake mpaka leo ni wanawake. Mwani mkavu huuzwa kwa kilo kwa bei ndogo, na aina ya kotoni, ambayo bei yake ni nzuri zaidi, hufa maji ya bahari yakizidi joto, hivyo wengi wamebaki na spinosamu, aina ile ya bei ndogo. Mama aliyetufundisha alisema kipande kimoja cha sabuni kinampa cha maana zaidi kuliko mwani ule ule akiupeleka kwa mnunuzi. Nilimwelewa.

Lakini ndani ya sabuni mna kostiki soda, na kostiki haina urafiki. Kilo moja ya mafuta ya nazi hula gramu 183 za kostiki, na watengenezaji wazuri hutia pungufu kidogo ili mafuta yabaki na sabuni isikwangue ngozi. Gramu hizo zinapimwa kwa mizani, hazikisiwi kwa kijiko. Kostiki inatiwa ndani ya maji. Maji hayatiwi juu ya kostiki, maana huchemka ghafla na kukurukia usoni. Na sufuria zetu za kila siku, zile za alumini, hazifai kabisa: kostiki inazila na kutoa gesi. Ndoo ya plastiki ngumu au chombo cha chuma kisichoshika kutu. Mkifika mahali mkamkuta mwalimu hana glavu wala miwani ya kukinga macho, na anakorogea kwenye sufuria ya kupikia wali, nunueni sabuni iliyokwisha kuwa tayari, mumshukuru, muondoke. Ikikurukia, osha kwa maji mengi yanayotiririka, kwa muda mrefu, na ikiingia jichoni unaosha huku unatafutiwa gari ya hospitali.

Kwa sababu hizo, sabuni si kazi ya soga. Mmoja apime, mwengine asome gramu kwa sauti, basi. Soga zitakuja wakati wa kumimina kwenye vibweta. Na hiyo sabuni hutaiogea jioni ile. Inakaa wiki 4 mpaka 6 ikauke na kutulia, kwa hiyo ikiwa mwalimu anakupa ya leo na kukwambia kaogee kesho, jua kuna jambo.

Kuchonga milango sitalisema sana. Tulikwenda, tukapewa msasa tusugue ubao, tukasugua. Fundi mzuri hampi patasi mtu wa siku moja, na ana haki yake. Kupiga makumbi na kusokota kamba ya usumba kule pwani ya mashariki ni jambo la kuliona, ila makumbi yaliyofukiwa matopeni miezi kadhaa yana harufu inayokufuata mpaka kitandani. Vaa kanga ya kuchezea.

Kuhusu pesa, kubalianeni kabla hamjakaa. Mji Mkongwe, na hasa tangu uingie kwenye orodha ya urithi wa dunia wa UNESCO mwaka 2000, kazi nyingi za mikono zimepangiwa wageni, na utakuta bei imeandikwa kwa dola, kwa muda wa saa mbili, na chai ya viungo juu yake. Si vibaya, lakini si yenu. Ulizeni kwa adabu bei ya wenyeji, au zaidi ya hapo, ulizeni kikundi cha ushirika cha akina mama katika shehia mnayoijua, mpige simu, mseme mko wangapi, na mlete vifaa vyenu wenyewe. Ulizeni pia vitu vitatu: vifaa vimo ndani ya bei? Mtakachotengeneza ni chenu? Na mkitaka kurudi mkono ukiwasumbua, kuna malipo mengine? Mwalimu wa kweli hili la mwisho hulijibu kwa kicheko.

Mkifika, amkieni kwanza. Shikamoo yenu iwatangulie, halafu hali, halafu watoto, halafu kazi. Aliyeingia na simu mkononi akipiga picha mikono ya mtu kabla ya salamu atafundishwa, lakini atafundishwa haraka haraka amalize aende. Na msiombe kupiga picha za nyuso za akina mama wenyewe. Mikono na ukili inatosha.

Wakati nao una maana. Baada ya alasiri ndio saa nzuri mashamba, kazi za nyumbani zimetulia na jua limeshuka. Masika siyapendi kwa ukili, ukindu haukauki vizuri na unafanya ukungu. Ramadhani vikundi vingi hupunguza kazi mchana, na mafundi wa kofia ndio wamebanwa na oda za sikukuu, hawana hata nafasi ya kukuinulia kichwa. Kofia iachieni baada ya Idi ikipita, fundi akiwa hana oda ya mtu, mtakaa naye barazani mpaka magharibi na wala hatawahesabia saa.