Ukifunga valvu, usiondoke

Wadogo zangu mlioanza zamu kwenye maghorofa ya Posta, juzi nimemwona mmoja wenu amefunga valvu ya sprinkla, vile vichwa vya darini vinavyomwaga maji moto ukiwaka, simu ikaita, huyoo akapanda lifti kwenda kurekebisha AC ya bosi. Nilimkimbilia kwa ngazi. Ninawapenda, lakini kwa hili sina subira.

1. Jaribuni jenereta Jumamosi, lifti zikiwa zimeshushwa kwanza.

2. Mlango wa ngazi za dharura hauzuiwi kwa tofali, hata joto liweje. Moshi ukiingia ngazini, wa juu hawana pa kushukia.

3. Valvu. Mwaka wangu wa pili kazini, kichwa kimoja cha sprinkla kilivuja ghorofa ya 11. Nikafunga valvu ya ghorofa ile, nikamwaga maji ya bomba, nikaweka kichwa kipya, nikapiga deki. Saa kumi na moja ikanikuta hapo, nikawahi daladala la Mbagala. Sikufungua. Daftarini sikuandika kitu.

Siku 9. Geji ya chumba cha pampu ilisoma presha nzuri kila asubuhi, kwa sababu maji yalikuwepo hadi kwenye valvu yangu, yakaishia hapo. Kila asubuhi nilimsalimia dada wa mapokezi wa ghorofa ile, mwenye birika la umeme chini ya meza, waya wake umezungushiwa selotepu. Moto ungeanzia pale, kile kichupa chekundu kinachoziba kichwa cha sprinkla kingepasuka kwenye nyuzi joto 68 za Selsiasi kama kilivyotengenezwa, na maji yasije.

Siku ya kumi msimamizi wetu, mzee anayekagua valvu kwa mkono moja baada ya nyingine, akaniita. Hakufoka. Akasema, "Fungua mwenyewe." Nikazungusha gurudumu, nikasikia maji yakijaa bombani, mikono ikitetemeka. Usiku ule nililala nikihesabu meza za ghorofa ya 11, na anayekaa kila meza.

Msiniambie sprinkla ni pambo. Mwaka 1991, Philadelphia, Marekani, jengo la One Meridian Plaza lenye ghorofa 38 liliwaka kuanzia ya 22. Valvu za kupunguza presha zilikuwa zimewekwa vibaya, mipira ya maji ya wazimamoto ikatoa maji dhaifu. Wazimamoto 3 walikufa. Moto ukapanda ghorofa hadi ghorofa, ukaja kusimama ya 30, kwa vichwa 10 tu vya sprinkla. Vichwa vyenye maji.

4. Chumvi ya bahari inakula bolti za kitoroli cha kuoshea vioo. Kagueni kabla mtu hajapanda, si baada.

Narudi kwenye valvu, maana bado haijaniisha. Andika daftarini kabla ya kufunga, tundika lebo nyekundu, mwambie mlinzi wa zamu. Ukishafungua, pima maji palepale ghorofani, usiamini geji ya chini. Mimi huning'iniza kitambulisho changu kwenye gurudumu la valvu niliyoifunga. Bila hicho geti la chini halinifungukii, hata daladala likiwa linaita Mbagala.