Maswali yenu: "Sijui kuchora, naweza kuwa UX dizaina?"

Mwezi huu maswali mengi yameangukia sehemu moja, hii kazi ya UX, kifupi cha "user experience", yaani uzoefu wa mtumiaji. Kwa ambao ndo mnaisikia leo, ni kazi ya kuhakikisha kitu anachotumia mtu, iwe aplikesheni, menyu ya simu, tiketi ya basi au fomu ya hospitali, kinaendana na huyo mtu alivyo na sio alivyodhaniwa na aliyekitengeneza. Nimechukua barua tatu.

Shikamoo dada. Mimi ni binti wa miaka 23, wakala wa kuweka na kutoa pesa hapa Igoma, Mwanza. Nina diploma ya uhasibu ila ajira ndo hivyo tena. Nimeona YouTube wanasema UX inalipa na inakua, ila mimi kuchora sijui kabisa, laptopu sina, nina simu yangu na kiswaswadu cha kazi. Naweza au niache nisipoteze muda na bando?

Marahaba mdogo wangu. Usiache. Tuanze na hilo la kuchora maana ndo linawakimbiza wengi. Kuchora skrini ni kipande cha mwishoni na kwa maoni yangu ndo chepesi kuliko vyote, ukikomaa miezi michache mkono unazoea. Kipande kigumu ni kukaa na mtu anayetumia kitu ukaangalia kidole chake kinasita wapi, ukanyamaza, usimsaidie, ukaandika ulichokiona. Mimi kunyamaza kulinichukua muda mrefu sana kuliko kujifunza programu yoyote. Wewe kila siku iendayo kwa Mungu uko mbele ya watu wameshika simu, mwenye haraka zake, aliyesahau miwani nyumbani, yule bibi anayekupa simu pamoja na kikaratasi cha namba ya siri anakwambia mjukuu wangu nifanyie tu.

Hapo kwa bibi simama. Mtu wa ofisini ataandika "hajui teknolojia" atafunga daftari. Wewe unamjua, hela yake anaihesabu mpaka shilingi ya mwisho na hajawahi kukosea. Kinachomshinda ni kwamba menyu inafunguka, anasoma taratibu, akifika mstari wa nne inakatika anaanza upya, mara ya tatu anachoka ndo anakupa na siri yake yote. Menyu hizi za kubonyeza nyota na reli skrini moja inabeba herufi 182 tu na muda wake ni mfupi, kwa hiyo aliyeamua kuweka mistari minane na maneno marefu ameshaamua pia nani ataachwa nyuma, hata kama hakukusudia. Ukiliona hilo na ukaweza kumweleza mtu mwingine akaelewa, umeshaanza hii kazi.

Angalia na meza yako. Una kalkuleta na una simu. Kwenye kalkuleta 7 8 9 ziko juu, kwenye simu juu kuna 1 2 3. Umeshawahi kujiuliza kwa nini? Kampuni ya simu ya Bell kule Marekani kabla ya kuleta simu za vitufe mwaka 1963 ilikuwa na watafiti wake, akiwemo mwanasaikolojia John Karlin, walikaa na watu wa kawaida wakawajaribisha mipangilio mbalimbali ya vitufe wakapima nani anakosea na nani anachelewa. Mpangilio waliouchagua, wa 1 2 3 juu, ndo uko kwenye kiswaswadu chako leo, zaidi ya miaka 60 baadaye. Hawakukaa mezani wakakisia. Na wewe unayeruka kutoka kalkuleta kwenda simu mara mia kwa siku ukikosea tarakimu moja usijilaumu peke yako, vidole vyako vinaombwa vikumbuke ramani mbili zilizogeuzana.

Hata hii biashara inayokulisha ilitokana na kuangalia watu. M-Pesa ilipojaribiwa Kenya mwaka 2005 lengo lilikuwa watu walipe marejesho ya mikopo midogo kwa simu. Wale wachache waliopewa waijaribu wakaanza kuitumia wanavyojua wao, wanatumiana hela wenyewe kwa wenyewe, wengine wanaweka hela humo ili wasisafiri nazo mkononi. Waliokuwa wanaisimamia wangeweza kusema mnakosea, rudini kwenye marejesho. Badala yake walipoizindua rasmi Machi 2007 wakaja na jambo moja jepesi, kutuma pesa nyumbani. Tanzania ikafika 2008. Mimi hiki kisa nakipenda sana kwa sababu wenye akili ya kutengeneza hawakuwa ofisini peke yao.

Sasa cha kufanya. Nunua daftari, kwa wiki mbili andika kila anapokwama mteja, alikuwa anataka nini, alibonyeza nini, alisema nini kwa maneno yake yeye. Usiandike jina lake, namba yake wala namba ya siri hata ya bahati mbaya, hilo halina mjadala. Hesabu wangapi kwa siku wanakuuliza "na ya kutolea ni shingapi" kabla ya kumtumia ndugu. Hao wote wanapiga hesabu kichwani ambayo skrini ingeweza kuwapigia. Halafu chukua karatasi, kata vipande vya ukubwa wa simu, chora vile unavyoona menyu ingekaa, maboksi na maneno tu, mpe mteja aguse kwa kidole kama vile ni simu, wewe unabadilisha karatasi. Jakob Nielsen, mtaalamu wa kupima vitu kwa watumiaji, aliandika mwaka 2000 kwamba watu 5 wanatosha kukuonyesha kama 85% ya matatizo ya kitu. Naongezea la kwangu, hao watano wasiwe mashosti zako wote wa umri mmoja, mmoja awe yule bibi.

Hiyo kazi ukiipiga picha ukaeleza uliona nini, ukabadilisha nini na kwa nini, ndo potifolio yako ya kwanza, yaani mkusanyiko wa kazi zako wa kuonyesha watu, na waajiri wengi wanaangalia hiyo kuliko cheti. Laptopu itakuja. Figma, programu ambayo wengi tunachoria skrini, inafunguka kwenye brauza na ina sehemu ya bure, unaweza kuazima kompyuta ya mtu au kulipia saa moja moja pale intaneti kafe. Ila sikudanganyi, nafasi za wanaoanza ni chache na matangazo mengi yanataka mtu mmoja afanye kazi ya watu watatu, kwa hiyo kibanda usifunge. Kibanda ndo maabara yako.

Habari yako dadangu. Niko Nairobi, niliajiriwa mwaka jana kama UX dizaina kwa kampuni ndogo. Kila nikisema tuongee na wateja kwanza, bosi anasema hakuna wakati, nirembeshe tu skrini halafu developa ajenge. Nimechoka. Nihame ama nivumilie?

Pole sana kakangu. Hii vita ni ya siku nyingi. Don Norman, mwanasaikolojia wa Marekani, alipoingia kampuni ya kompyuta ya Apple mwaka 1993 akachukua cheo chenye hayo maneno ya UX alitaka jina pana linalobeba kila kitu mtu anachokutana nacho, sio skrini peke yake, na miaka yote hii bado kuna mabosi wanaosikia UX wanaona rangi.

Kabla hujahama jaribu kitu kimoja, acha kuomba muda wa utafiti. Nenda kwa watu wanaopokea simu za wateja. Niliwahi kufanya kazi na kampuni moja ya mabasi, wao walitaka tiketi ya kwenye simu ipendeze tu. Nikaomba nikae kaunta stendi siku moja. Saa tano na nusu asubuhi akaja baba mmoja na begi lake na kuku wawili kwenye kikapu, katulia kabisa, anaulizia basi lake la saa sita. Tiketi yake imeandikwa 06:00. Basi lilikuwa limeondoka alfajiri, saa kumi na mbili. Yule baba alisoma tiketi vizuri kabisa jamani, kwetu sifuri sita ni saa sita, na hakuna mtu aliyeandika asubuhi wala mchana. Alikuwa anawahi msiba. Dada wa kaunta akaniambia kwa sauti ya kuchoka "hawa ni wa kila wiki". Kila wiki! Na pale ofisini hakuna aliyejua kwa sababu aliyeandika ile programu saa yake ni ya kompyuta na hajawahi kukaa kaunta.

Sikumpelekea bosi nadharia. Nilimpelekea nakala ya ile tiketi, bei ya tiketi mpya aliyolazimika kukata, na maneno ya dada wa kaunta. Tukaandika "Saa 12:00 alfajiri, fika saa 11:30", siku ya wiki kwa herufi kubwa. Developa alitumia nusu siku. Baada ya hapo sikuomba tena ruhusa ya kukaa kaunta, bosi mwenyewe ndo alikuwa ananiuliza nimeona nini huko.

Kwa hiyo tafuta saa sita yako hapo ulipo, lazima ipo. Ukishaileta mezani na bado akasema rembesha tu, basi hama bila kinyongo, umri hausubiri.

Assalaam alaykum. Niko Unguja, tunatengeneza aplikesheni ya wavuvi na wanunuzi wa samaki. Wenzangu wanasema tuweke Kiingereza maana Kiswahili cha kwenye simu hakieleweki. Wewe waonaje?

Waalaykum salaam. Wenzako wameona tatizo la kweli ila dawa waliyochagua siyo. Kiswahili cha kwenye simu nyingi hakieleweki kwa sababu kimetafsiriwa neno kwa neno na mtu mwenye kamusi, hakikutoka mdomoni mwa mtu.

Niliwahi kupeleka kitu kama chenu soko la Feri, Dar, kwa mama mmoja muuza samaki. Kwanza mkono wake una maji na magamba, kioo hakisikii kidole, akafuta kwenye khanga, akajaribu, akafuta tena, mwisho akatumia kifundo cha kidole. Hilo peke yake lilinifanya nivipanue vitufe vyote. Halafu akafika mwisho palipoandikwa Wasilisha na Ghairi. Akaniangalia. "Hii ghairi ndo inatuma?" Nikanyamaza. Akasema wasilisha anaisikiaga bungeni, ghairi anaijua ya mtu kughairi safari, sasa yeye anataka bei imfikie yule wa hotelini, abonyeze ipi? Nikamuuliza wewe ungeitaje. Bila hata kufikiri akasema "Tuma, na hii nyingine Acha".

Na nyie wa Unguja msichukue ya Feri mkabandika, mvuvi wa Nungwi ana maneno yake ya samaki, ya vipimo na ya mnada. Nendeni pwani vyombo vinaporudi, msibebe kompyuta, bebeni karatasi, muulize kila kitufe yeye angekiitaje.