Pave zinazama pale tairi inapita

SWALI: Niko Goma, kwartye Himbi. Tuliweka pave (tofali za beto, yaani zege, za kutandika chini) toka mulango ya parsele mpaka garaji, masoni alimwaga mchanga mingi juu ya udongo akapanga. Sasa kwenye tairi zinapita pamezama, mvua ikinyesha maji inalala pale. Niongeze mchanga?

JIBU: Hapana Mama, usiongeze. Mchanga ni kitanda tu ya kulazia pave, sentimita 3 mpaka 5 basi, ukizidisha tairi inausukuma pembeni na pave inashuka. Kosa iko chini.

Toa pave zote polepole (zitarudi, usilipe mpya), chimba udongo laini utoke, kisha mwaga mawe ya volkano yaliyopondwa pamoja na vumbi yake, hiyo Goma hatukosi. Fika sentimita 15 hivi, lakini usimwage yote mara moja: weka nusu, nyunyiza maji, piga mashine ya kushindilia mpaka kisigino haiingii, ndio uongeze nusu ingine. Hapa ndipo masoni wengi wanachoka. Mteremko nayo uanzie huku chini, sentimita 2 kwa kila meta, maji iende mbali na ukuta wa nyumba.

Bordire (mawe ya kuzuia kando) za pembeni zishikwe na beto, bila hizo pave zinatembea. Panga kwa mtindo wa mfupa wa samaki kwa sababu gari inapiga kona na breki pale, pave ya unene wa sentimita 6. Mwisho fagia mchanga laini katika viungo, pitisha mashine, fagia tena. Mchanga huo uwe mkavu kabisa, wenye maji unabaki juu juu tu.